Mpagazi na tajiri kwenye njia moja

Mwezi uliopita nilipanda treni Kigoma kwenda Tabora nikiwa na vitabu viwili mkobani. Kimoja riwaya, Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ikangoja hadi 2022 kuja kwetu kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Kingine ni maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa karne ya 19, aliyoyasimulia mwenyewe. Hicho ni fotokopi ya kuazima, kurasa nyingine ni kivuli tupu.

Nia yangu ilikuwa nimalize riwaya kwanza. Kufika Uvinza imeshanichosha: Yusuf, mhusika mkuu, dukani, Yusuf bustanini, Yusuf dukani tena. Nikaifunga, nikashika fotokopi. Mzee Tippu Tip anaanza kwa kusema alipofika miaka 12 alianza safari za karibu. Nikashtuka. Yusuf naye anaondoka kwao na umri huohuo! Ila mmoja anakwenda kuchuma, mwingine katolewa na baba yake kufidia deni kwa Aziz, tajiri ambaye mtoto alidhani ni ndugu yao.

Tangu hapo nikavisoma kwa zamu, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Tippu Tip anahesabu frasila, kipimo cha zamani cha uzito, za pembe kama mwenye duka afungaye hesabu jioni. Vita nzima anaimaliza kwa sentensi mbili. Waliobeba zile pembe hatuambiwi hata walikula nini. Ukirudi kwa Gurnah unawakuta: wanaugua, wanaogopa, wanachapwa na mnyapara. Lakini usimdharau mzee. Yeye ndiye ajuaye nani ni mkwe wa nani. Baba yake mwenyewe alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, na ukishalijua hilo biashara yote ya Tabora inaeleweka upya. Halafu kile Kiswahili chake kikavu, kisicho na madoido, mimi kimenikaa.

Anza na mzee, kurasa thelathini hivi, ndipo ufungue riwaya. Kwake misafara bado ina nguvu. Kwa Gurnah Wajerumani wameshaingia na tajiri anahangaika. Majina ya watu yakikuzidi, yaruke tu.

Mwisho wa Peponi sikuambii. Mimi na dada yangu tumeubishania Ujiji nzima, tangu sokoni hadi mwaloni, na yeye bado anasema Yusuf ni mjinga.