Jukwaa, kamera na gemu: majibu kwa waigizaji chipukizi

Niko kikundi cha maigizo Tanga, mwaka wa tatu sasa. Wenzangu wanasema jukwaa halilipi, nihamie tamthilia za runinga. Unanishauri nini?

Nenda kwenye usaili, mdogo wangu, ila kikundi usikiache. Jukwaani hakuna kurudia. Ukisahau neno, watu wanakutazama. Aliyezoea hayo hatishwi na kamera, kazi inayobaki ni kupunguza ukubwa wa sauti na ishara. Weka simu mbele yako, sema mistari yako ya jukwaani kana kwamba unamwambia mtu mliyebanana naye siti moja ya daladala. Kisha jitazame.

Kweli gemu za video zina kazi ya uigizaji kwa Mswahili?

Mtazame Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyesomea uigizaji katika chuo cha maigizo cha LAMDA, London. Mwaka 2017 aliigiza Bayek, shujaa wa Misri ya kale, katika gemu ya Assassin's Creed Origins. Baadaye tukamwona runingani katika Raised by Wolves na House of the Dragon. Kilichonigusa mimi ni cha 2024: studio yake, Surgent Studios, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU, kisa cha mganga kijana anayetaka kumrudisha baba yake aliyefariki. Salim aliibuni akimwomboleza baba yake mwenyewe, na unaweza kuicheza kwa Kiswahili, wahusika wakizungumza kwa sauti kabisa, si maandishi chini ya skrini tu. Niliposikia hivyo nilifurahi kama mtoto.

Kazi za namna hiyo bado ni chache, sitakudanganya. Anzia karibu: kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki na Kichina. Ukiweza kuoanisha maneno yako na midomo ya mtu mwingine huku hisia zikibaki, umeshapata nusu ya ufundi wa gemu.

Nilirekodi kelele za mapigano za gemu kwa saa nne mfululizo, sauti ikakauka siku tatu. Ni kawaida?

Hapana, na usirudie. Mhusika wa gemu anachomwa kisu, anakabwa, anaungua, anaanguka kutoka juu, na kila kilio kinarekodiwa peke yake, tena mara kadhaa. Omba mazungumzo yatangulie, kelele zije mwishoni, kisha uende nyumbani ukanyamaze. Kaa na maji ya vuguvugu kando ya maiki. Koo likianza kukwaruza, mwambie mwongozaji papo hapo. Mimi niliona haya kusema, na Jumamosi ile nikashindwa kupanda jukwaani. Mwenzangu alisoma nafasi yangu akiwa na karatasi mkononi. Ukwaruzi ukipita wiki mbili, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Mkataba unasema watatumia sauti yangu "kwa teknolojia zote, milele". Nisaini?

Usisaini hivyo ulivyo, dada. Waigizaji wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, waligomea kampuni kubwa za gemu kuanzia Julai 2024, na mgomo ukachukua karibu mwaka mzima. Walidai sauti na miondoko yao isinakiliwe kwa akili mnemba bila ridhaa na malipo. Wewe huna chama nyuma yako, lakini kalamu unayo. Rudisha mkataba, taka iandikwe ni gemu gani, lugha gani, muda gani, na kwamba sauti yako haitatumika kufundishia mashine. Wakigoma kuliandika hilo la mwisho, waulize wanataka kuifanyia nini.