Nishani za KAR unazouziwa: anza na ukingo na mgongo, uso uje mwisho

Ndugu uliyeuliza juzi kuhusu nishani tatu za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki) unazouziwa shilingi 18,000 hapa Nairobi, tafadhali usitume hela bado. Umetuwekea picha nne, na zote ni za pande zenye mchoro: mfalme na mpanda farasi, ambao ni pande mbili za medali moja, kisha nyota mbili, ya Afrika na ya Burma, zenye tepe zinazong'aa. Uso ndiko mwenye kuiga anakomaliza ujuzi wake wote. Nipigie picha za ukingo wa medali na mgongo wa nyota, ndipo tuzungumze bei.

Haya nayajua kwa sababu yalinipata. Babu yangu alikuwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nyota yake ya Burma, nishani ya waliopigana huko, ilikaa miaka na miaka kwenye mkebe wa Kimbo chini ya kitanda cha nyanya, imeviringishwa kwa kitambaa, na nyanya alipofariki nikarithi mimi. Binamu yangu naye alitaka moja ya kutundika ukutani kwake, nikamtafutia. Muuzaji mmoja wa mjini akanipa kwa shilingi 9,000 pamoja na hadithi ndefu ya mzee wa Machakos. Pete ya juu ilikuwa imelegea, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi Kamukunji aitie lehemu, na nikabeba ya babu ili aone pete inavyotakiwa kukaa.

Fundi yule hajawahi kuuza nishani maishani mwake. Alizilaza zote mbili kifudifudi kiganjani, akapitisha ukucha mgongoni, akasema, "Hii ya mzee wako imepigwa. Hii nyingine imemwagwa."

Ukielewa maneno hayo mawili umeelewa zaidi ya nusu ya kazi hii. Nishani halisi hupigwa kama sarafu: bamba la chuma hubanwa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri ya chuma kigumu, na mistari hutoka mikali. Ya kuiga, mara nyingi, hutengenezwa kwa kukandamiza nishani halisi kwenye kalibu, kisha chuma kilichoyeyushwa kinamwagwa ndani. Mgongo wa ile yangu ulikuwa na vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, na kando ya miguu ya nyota kulikuwa na alama za tupa, pale mwigaji alipokwangua mabaki ya chuma. Ya babu ilikuwa laini kabisa. Fundi akanionyesha jambo la pili: chuma kikipoa husinyaa. Tulipozibananisha, yangu ilikuwa ndogo kidogo kila upande. Tangu siku ile natembea na kalipa, kifaa cha kupimia upana, mfukoni. Medali ya mviringo ya Uingereza ya vita vyote viwili ina kipenyo cha milimita 36. Ukipata 35 na nusu, irudishe.

Miezi kadhaa baadaye muuzaji mwingine kabisa alinionyesha Nyota ya Burma. Kwenye duara la katikati, kati ya herufi U na R ya neno BURMA, kulikuwa na kovu dogo. Nilikuwa nalijua kovu lile. Lilikuwa kwenye ile yangu, mahali palepale. Vitu viwili haviwezi kuchubuka sawasawa namna hiyo isipokuwa vimetoka kalibu moja.

Sasa tuje kwenye zako. Ile yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918 ni Medali ya Vita ya Uingereza, na inapaswa kuwa ya fedha. Sumaku haitoshi kukuhakikishia, kwa sababu fedha hainaswi na zinki hainaswi vilevile. Fanya hivi. Toa utepe, pima uzito kwa mizani ya sonara. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uininginize medali ndani ya maji kwa uzi bila kugusa chini. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Fedha itakupa kama 10.3, mchanganyiko wa shaba na nikeli kama 8.9, zinki itakaa karibu na 7. Ni dakika tano tu, na muuzaji wa kweli hatakuzuia.

Kisha soma ukingo. Medali hiyo ilitolewa ikiwa na namba, jina na kikosi cha askari, herufi zikiwa zimegongwa ukingoni. Chukua lenzi ya fundi saa: herufi ya kugongwa ina kina sawa, na chuma kimefura kidogo pembeni mwake. Ya kuchongwa kwa mkono au mashine ina mfereji wenye alama za kisu. Ujanja mbaya kuliko wote uko hapa, kwa sababu medali yenyewe huwa halisi kabisa. Wanasugua jina la asili kwa tupa, wanaandika jina la askari wa kikosi kinachotafutwa sana. Lakini tupa hula chuma. Pima kipenyo sehemu tano tofauti. Kikipungua pale jina lilipo, kuna mtu amefutwa hapo. Hilo huniuma kuliko hela. Askari yule pengine hana kaburi linalojulikana, na ukingo ule ndio ulikuwa umebaki na jina lake.

Nyota za Vita vya Pili ni kinyume chake. Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye nishani za kampeni za vita hivyo. Afrika Kusini, Australia na India ndizo zilizoandika za watu wao. Kwa hiyo nyota yako ya Afrika ikikutwa na jina la askari wa KAR mgongoni, jina hilo liliandikwa na mtu mwingine baadaye. Huenda ni familia yake, huenda ni muuzaji wiki iliyopita.

Halafu muuzaji wako anakwambia zote tatu ni za mzee mmoja. Mtu aliyekuwa vitani 1918 awe tena Burma 1944? Yawezekana, ila alete karatasi. Na aliyestahili nyota hizo kwa kawaida alipata pia Medali ya Vita ya 1939 hadi 1945, kwani hiyo ilihitaji siku 28 tu za utumishi. Iko wapi? Tena, nishani zilizovaliwa pamoja miaka mingi hugongana. Ncha za nyota huacha vidonda vidogo kwenye medali ya fedha iliyo jirani, upande mmoja tu. Za kwako, kwa picha ninazoziona, hazijawahi kukutana.

Tepe: washa ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Nyuzi nyingi za kisasa zitawaka buluu-nyeupe. Pamba ya zamani hubaki imelala. Usiikatae nishani kwa sababu ya utepe pekee, maana wazee walibadilisha tepe zilipochakaa. Weusi wa uzee nao una tabia yake. Halisi hukaa kwenye mabonde ya mchoro, huku shavu la mfalme likiwa limelainika kwa kusuguliwa. Weusi uliotanda sawasawa kila mahali na kutoka kwa pamba yenye spiriti ni rangi ya viatu.

Kwa beji za kofia, sheria ni ileile ya kupigwa na kumwagwa. Beji ya bamba iliyopigwa ina mgongo wenye mabonde yanayofuata mchoro wa mbele. Ikiwa nzito, mgongo umejaa na una chembechembe, achana nayo. Na beji za jeshi letu zinazotumika sasa usiziguse, ziwe halisi au za kuiga, zitakuingiza matatani.

Usikubali azing'arishe kabla hujaziona, ushahidi wote utaondoka na kitambaa. Mwambie unataka kuziona mchana, kwenye mwanga. Mimi Jumamosi nitakuwa mjini. Mlete nje ya Archives pale Moi Avenue, nitakuja na kalipa, mizani na nyota ya babu, tuzilaze zote kifudifudi.