Mbona pareto yangu imekutwa na sumu kidogo?

SWALI: Mhariri shikamoo, mi nalima pareto huku Umalila, Mbeya. Juzi gunia langu limepimwa wakasema ile sumu ya kuulia wadudu iliyo kwenye maua ni asilimia 1.1, jirani yangu kapata 1.6 na miche tulichukua sehemu moja! Hivi maabara wanapimaje, au ndo tunaliwa?

JIBU: Marahaba. Kama mnaliwa siwezi kusema, ila kipimo chenyewe nakijua. Wanasaga sampuli ya maua makavu, wanapima gramu chache, wanaloweka kwenye heksani, kimiminika cha kuyeyushia, ili ile sumu, pairethrini, itoke kwenye unga, wanachuja halafu tone dogo linapitishwa kwenye mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali moja moja. Pairethrini ziko aina 6, zinatoka kwa kupishana na kompyuta inachora vilima, kilima kikubwa sumu nyingi, ila lazima walinganishe na myeyusho ambao kiwango chake kinajulikana, bila huo ile namba ni urembo tu.

Mi wasiwasi wangu upo kwenye gunia. Wakichota juu tu majibu yanadanganya, waambie wachote juu, kati na chini, na usione aibu kusimama hapohapo ukiangalia. Afu na we jiangalie, sumu karibu yote ipo kwenye vimbegu pale katikati ya ua, sio kwenye petali nyeupe, ukichuma changa umejipunja mwenyewe. Unyevu nao unaongeza uzito bila sumu, lakini usikimbilie kuyaanika juani wiki nzima maana mwanga na joto vinaiua pairethrini.