Taa ilikuwa wapi? Kwa wakili anayeanza kesi za jinai

Umeapishwa juzi, na leo umekabidhiwa jalada lako la kwanza la unyang'anyi wa kutumia silaha. Kabla hujafungua kitabu chochote, nenda gerezani. Usimsubiri mteja ashuke kwenye karandinga asubuhi ya kesi, mkaongea dakika tano huku askari amewasimamia. Kosa hilo hapa Tanzania halina dhamana, na akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Anastahili saa zako mbili.

Muulize alikamatwa saa ngapi na maelezo yake ya onyo, yaani yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yaliandikwa saa ngapi. Polisi wana saa 4 za kumhoji tangu wamweke chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kisheria. Nimeshaona maelezo ya kukiri yakikataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Ila pingamizi hutolewa pale shahidi anapoomba yapokelewe kama kielelezo. Ukinyamaza yakapokelewa na kusomwa, kuyaondoa ni kazi nzito.

Kesi nyingi za usiku husimama au kuanguka kwenye utambuzi. Isome hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mpaka uijue kwa kichwa: shahidi alimwangalia mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, alikuwa akimfahamu kabla? Mimi niliijua, na bado nilikosea.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Shahidi alikuwa mama mwenye duka. Wakili wa serikali alimwongoza, naye akasema, "Nilimtambua kwa mwanga wa taa." Akaishia hapo. Taa gani, ilikuwa wapi, mwanga kiasi gani, hakusema, wala hakuulizwa. Ningekaa kimya kwenye hilo na kulishika kwenye majumuisho, yaani hoja za mwisho baada ya ushahidi wote. Badala yake nikasimama: "Mama, ulikuwa na hofu, usiku ule ulimtambuaje?"

Akanigeukia bila haraka. "Taa ya sola ilikuwa juu ya kaunta, wakili. Yeye alisimama hapa," akanyoosha mkono mpaka ukingo wa kizimba, "na kila siku hununua vocha kwangu." Hakimu alikuwa akiandika kwa mkono. Nilisimama pale nikisubiri amalize kuandika ushahidi ambao Jamhuri haikuwa nao dakika moja kabla. Kijana yule alifungwa miaka 30, na jibu lile lilinukuliwa kwenye hukumu. Mpaka leo linaniuma.

Sikwambii ukae kimya tu. Jambo ambalo hukumhoji shahidi mahakama huweza kulichukua kuwa umelikubali, kwa hiyo lile ambalo mteja wako analipinga lazima umwekee shahidi mbele yake. Ninachosema ni kwamba uliza lile ambalo jibu lake unalo tayari mkononi. Tafuta maelezo ya kwanza ya shahidi polisi. Je, alimtaja mteja wako siku ile ile, au jina lilikuja wiki mbili baadaye? Kama lilichelewa, hapo uliza, tena taratibu, mpe hakimu nafasi ya kuandika.

Mashtaka madogo nayo yana hatari yake. Mtu anaulizwa kosa, anajibu "ni kweli" kwa uchovu tu wa mahabusu, kesi imekwisha. Mweleze mapema maana ya neno hilo.

Na siku ya hukumu, mkishindwa, usitoke na ndugu kwa mlango wa mbele. Shuka mahabusu kabla karandinga haijaondoka. Mwambie kwamba ana siku 10 za kutoa notisi ya rufaa, kwamba anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, na kwamba petisheni, yaani hati yenye sababu za rufaa, ina siku 45. Kisha panda tena juu ukaombe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi siku hiyo hiyo.