Hiyo nyumba ya Nyali mnayosema nimejenga, hata mimi siijui

Asalaam aleikum nyote. Wiki nzima nawasoma humu kwenye kundi la familia nikinyamaza, leo nimechoka. Nani aliyezusha kwamba nimejenga jumba Nyali, huko kwetu Mombasa? Kile kipande cha sinema mnachorushiana, napita nyuma ya yule nyota na kumwambia kuwa gari limefika, ndicho hicho chote. Hakuna kingine kilichokatwa. Malipo yake yaliliwa na kodi ya chumba kabla nyinyi hamjaiona sinema yenyewe. Kwa hivyo ami yangu, ile arubuni ya tuktuk niwie radhi, sina. Ningekuwa nayo nisingekuficha.

Sasa wewe mwanangu, mtoto wa dada, uliyeniuliza kwa adabu njia ya kuja London uwe mwigizaji wa sinema na sauti, maana kila mtu huko Majengo anakusifu sauti. Wewe nitakujibu. Baridi, upweke, bei ya ndizi, hayo umeshaambiwa na kila aliyepanda ndege. Mimi nitakwambia kuhusu koo.

Kazi inayoniita mara kwa mara si sinema, ni michezo ya video. Unaingia kijichumba kisicho na dirisha, mbele yako kioo, na ng'ambo ya kioo wamekaa mwongozaji na fundi wa sauti. Sehemu zenye maneno humalizwa mapema. Kisha unaletwa ukurasa usio na neno la kusema, ni orodha tu: umechomwa kisu, umechomwa kisu ukikimbia, umeanguka kutoka ghorofani, unaungua, unazama. Kila kifo unakirudia mara kadhaa, na visifanane. Mayowe huwekwa mwisho makusudi, kwa sababu baada ya hapo hufai tena siku hiyo. Hulipwi mrabaha mchezo ukiuzika. Umelipwa saa zako, kwaheri. Niko ndani ya basi bi mkubwa anapiga simu, sauti haitoki, yeye anaanza kunisomea dua akidhani nilikuwa nalia.

Mayowe utayazoea. Linaloniuma ni jengine. Mwongozaji anabonyeza kitufe, anakwambia kwenye vipokea sauti: vizuri sana, lakini hebu iwe ya Kiafrika zaidi. Ya Kiafrika zaidi! Mtu niliyezaliwa Kuze nikakulia Kuze! Anataka lile lisauti zito la kukoroma, la mama mkimbizi au mke wa jemadari wa waasi, lisilo na kwao. Na mimi nalitoa. Nalitoa vizuri, ndiyo maana naitwa tena.

Najua mtanitajia Lupita Nyong'o. Lupita alisomea uigizaji Yale, akachukua Oscar mwaka 2014, sawa. Lakini mlisikia alivyosimulia kuhusu ile katuni ya roboti ya 2024? Sauti ya roboti ilimtia kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akalazimika kukaa kimya miezi mitatu. Yeye miezi mitatu anaimudu. Mimi nikinyamaza wiki mbili, mwenye nyumba anagonga mlango.

Halafu siku hizi soma mkataba mpaka herufi ndogo za mwisho. Utakuta wanataka ruhusa ya kuitumia sauti yako kwa teknolojia yoyote, ya leo na ya kesho. Hapo wanafundishia mashine, na ikishajua hawakuiti tena. Waigizaji wa michezo ya video wa Marekani, chini ya chama chao cha SAG-AFTRA, waligoma kuanzia Julai 2024, karibu mwaka mzima, na akili mnemba ndiyo iliyokuwa ugomvi mkubwa. Mimi nimewahi kukataa kazi kwa kifungu hicho hicho. Mwezi ule bi mkubwa hakupata kitu, na sikumwambia sababu. Leo amejua.

Basi usije. Na kama mpango wako ni viza ya masomo huku ukiigiza pembeni, ufute kabisa: mwanafunzi wa shahada hapa Uingereza anaruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, haruhusiwi kujiajiri, wala kulipwa kwa kazi ya burudani. Ndiyo maana niliingia kazi nyumba ya wazee, na mpaka leo zamu za usiku ndizo zinazolipa kodi. Kuna mzee mmoja halali mpaka nimsomee matokeo ya mpira. Yeye hajawahi kuniambia niwe Mwafrika zaidi.

Ila ukipata ufadhili wa kweli, mwanangu, njoo hata kesho, nitakuja kukupokea uwanjani. Ukishahitimu kuna viza ya wahitimu, na hiyo inakuruhusu kujiajiri.

Lakini pia, hapo ulipo umepamaliza? Little Theatre Club wana jukwaa. Kile kituo cha Swahilipot pale karibu na Fort Jesus kina vijana wa rika lako. Tanzania, StarTimes walianza 2016 mashindano ya kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kwa Kiswahili kile kile, bila kukoroma! Mimi wakati huo nilikuwa nahangaikia viza ya huku.

Hayo majani ya muguka unayotafuna uyaache leo leo, yanakausha koo. Usinijibu kwamba unatafuna kidogo.

Nitumie dakika moja ya sauti yako. Rekodi usiku, ndani ya kabati la nguo, feni imezimwa hata ukitota jasho. Mimi hufanya hivyo kila Agosti, blanketi kichwani. Soma tangazo moja la benki na kisa kimoja cha kawaida cha mtaani. Usijifanye Mmarekani, usijifanye mzee. Tuma kwa barua pepe, maana WhatsApp inaibana sauti. Nitakusikiliza Jumapili nikitoka zamu, na ukiwa huwezi nitakwambia huwezi, hata mamako akininunia.