Kabla hujaivaa hiyo bastola kiunoni: ukiambiwa toka, toka

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma maelezo yako yote. Umefika Texas kwa bahati nasibu ya viza, grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ina miezi saba, umeshanunua bastola na unataka kuanza kuibeba wazi kiunoni. Unauliza holsta ipi, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, inafaa, kama unaweza kuiacha garini ukiwa kazini, na kama unaweza kwenda nayo kwa dada yako Chicago. Maswali mazuri. Ila macho yangu yameganda kwenye mstari wako wa mwisho: "Mtu akiniambia nitoke dukani nitamwonyesha sheria kwenye simu, hii ni haki yangu."

Hayo maneno niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa nimesimama mbele ya meneja wa duka na bastola kiunoni. Nilikuwa na grinikadi kama wewe. Nusura nirudishwe nyumbani na begi moja.

Sheria unayoisikia ipo kweli. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi kisheria anaweza kubeba bastola Texas bila leseni, na akiibeba wazi lazima iwe kwenye holsta. Hapo ndipo watu wengi wanapoishia kusoma, na mimi niliishia hapo hapo. Aliyenifundisha ni jamaa aliyenipokea nilipofika, mtu wa miaka mingi Marekani. "Hapa hakuna wa kukuuliza, vaa, tembea." Akanipeleka dukani kununua, akanipiga picha nikiwa nimeivaa, nikaituma nyumbani. Mama yangu alipoiona ile picha alinipigia simu usiku uleule, akaniuliza kama nimekuwa askari.

Jumamosi moja nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua bawaba za mlango. Pale mlangoni palikuwa na tangazo, maandishi makubwa kwa Kiingereza na Kihispania, linakataza kuingia na silaha. Nilipita pembeni yake kama linavyopitwa tangazo la punguzo la bei. Nilikuwa kwenye foleni pale meneja aliponifuata, mama wa makamo, sauti ya chini kabisa. Akaniambia hawaruhusu silaha humu, naomba uirudishe garini halafu karibu tena. Mkuu, yule mama alinipa njia ya kutokea mbele ya watu bila kunidhalilisha. Nami nikatoa simu.

Nikamsomea sheria ya Septemba. Nikamtajia katiba. Akarudia, "Bwana, naomba utoke." Nikamwambia sitoki mpaka anionyeshe ni sheria gani. Kamera ya duka baadaye ilionyesha nilibishana dakika sita.

Sasa nikueleze thamani ya dakika sita, maana hakuna aliyenieleza. Haki ya kubeba haifuti haki ya mwenye mahali kusema hapana. Kanuni ya adhabu ya Texas ina vifungu vitatu vya matangazo ya mlangoni: 30.05 kinamhusu asiye na leseni, 30.06 kinamhusu mwenye leseni aliyeficha, 30.07 kinamhusu mwenye leseni anayebeba wazi. Mimi sikuwa na leseni, kwa hiyo langu ni 30.05. Kuingia tu ukiwa umelipita tangazo ni kosa la Daraja C, faini isiyozidi dola 200. Inauma, unalipa, unakwenda zako. Lakini ukishaambiwa kwa mdomo utoke, ukabaki, kosa linapanda hadi Daraja A: jela hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Sikumgusa mtu, sikuigusa bastola, sikutukana. Nilibaki tu. Kubaki ndiko kulikokuwa kosa.

Polisi walikuja wawili. Hilo nalo lifikirie vizuri. Aliyepiga simu alisema kuna mwanaume mwenye bastola anagombana na meneja, na kila neno lilikuwa kweli. Askari anayeingia mlangoni na habari hiyo hakujui. Anaona mtu mweusi, anaona silaha, anaona mikono inayotikisa simu. Philando Castile, Mmarekani mweusi, mwaka 2016 kule Minnesota alikuwa na kibali halali, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na alipigwa risasi akiwa kwenye gari, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwemo ndani. Mimi niliwekwa chini kifudifudi kati ya rafu za misumari, nikafungwa pingu, nikachukuliwa bastola. Mpaka leo nashukuru nilitoka mzima.

Nililala mahabusu usiku mmoja, nikatoka kwa dhamana. Nikaamini mabaya yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza, na hapa nakuomba usome polepole.

Nikapata wakili wa jinai. Alikuwa mtu mpole, mwenye mafaili mengi mezani. Baada ya wiki kadhaa akaniita, akasema nimekupatia kitu kizuri: unakiri kosa, hakimu hatangazi hatia, unawekwa chini ya uangalizi mwaka mmoja, ukikaa vizuri shauri linafutwa. Hukumu inaahirishwa, haitolewi. Kwa macho ya Texas hujawahi kutiwa hatiani. Nikafurahi, nikaomba kalamu. Namshukuru Mungu kwamba siku ile karani hakuwa amechapa karatasi, nikaambiwa nirudi Jumatatu.

Jumapili nikamsimulia mama mmoja wa jumuiya yetu ya sala. Alinyamaza, kisha akanishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu, umemwuliza wakili wa uhamiaji?" Mtoto wa dada yake alisaini karatasi ya namna hiyo. Yuko Mwanza sasa, watoto wake wako huku.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani. Ukikiri kosa, au hata ukisema tu hupingi, na hakimu akakupa adhabu au sharti lolote, uangalizi ukiwemo, kwa uhamiaji umeshatiwa hatiani. Texas ikilifuta shauri baadaye, uhamiaji haufuti. Na sheria hiyo hiyo inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Haijalishi una miaka mingapi hapa, na haidai kosa liwe kubwa. Jumatatu niliichukua ile karatasi bila kuisaini, nikaenda kwa wakili wa uhamiaji, naye aliisoma mara mbili, akaiweka chini, akasema: "Ukiisaini hii, umejipeleka mwenyewe mbele ya hakimu wa uhamiaji."

Akanisimulia kesi ya José Padilla, iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mtu alikuwa na ukaazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40, amepigana Vietnam kwa bendera yao. Wakili wake alimwambia asihofu uhamiaji kwa sababu amekaa sana. Akakiri kosa la kusafirisha bangi, na ghafla anatakiwa afukuzwe. Mwaka 2010 mahakama ikaamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuhusu hatari hiyo. Wajibu upo tangu 2010, na wangu hakuniuliza hata mara moja kama mimi ni raia.

Kwa hiyo tukakataa kukiri. Miezi kumi na minne. Kila mara mahakamani naomba ruhusa kazini, mwishowe nikapoteza zamu za usiku zilizokuwa zinalipa. Mawakili wawili na dhamana vilinila karibu dola 11,000, fedha iliyokuwa ya kuezeka nyumba ya wazazi. Mwisho mwendesha mashtaka akaliacha shauri. Hata hivyo halijaondoka maishani mwangu: ukiomba uraia, fomu inakuuliza kama umewahi kukamatwa, hata kama shauri lilifutwa, na lazima ujibu kweli na kuambatanisha karatasi. Nitaulizwa kuhusu zile bawaba na afisa ambaye hajawahi kuniona.

Na yule jamaa aliyenifundisha? Nilipompigia kutoka mahabusu alisema, "Mbona mimi navaa kila siku?" Anavaa kila siku kwa sababu yeye ni raia! Alikula kiapo miaka mingi kabla sijafika. Yeye akikosea atalipa faini, atarudi nyumbani, atapika ugali. Mimi nikikosea kosa lile lile, adhabu yangu ina ndege ndani yake. Alilijua hilo au hakulijua, sijui kipi kibaya zaidi, lakini alinipa ushauri kwa mwili wake akasahau kwamba unakwenda kuvaliwa na mwili wangu. Hivyo hivyo hawa wanaojirekodi wakibishana na mameneja na askari, halafu watu wanawapigia makofi. Na muuzaji wa duka la silaha alinieleza rangi tatu za holsta, hakunieleza tangazo moja la mlangoni. Bado nina hasira nao, siwezi kukudanganya.

Najua kuna watakaokuja hapa chini wakinicheka kwamba nililala mahabusu kwa ajili ya bawaba za mlango. Chekeni, mlango wenyewe mpaka leo unalia ukifunguliwa. Ila mwambieni huyu ndugu ukweli kwanza.

Ukiniuliza ufanye nini kama umeamua kubeba, nitakwambia uchukue leseni ya jimbo hata kama sheria haikulazimishi. Ada ni dola 40, kuna darasa na jaribio la kulenga shabaha. Sababu yangu si heshima. Umesema unampeleka mtoto shule kila asubuhi. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka uwanja wa shule, kama mita 305, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Aliyepewa leseni na jimbo lenyewe anasamehewa, wewe unayebeba kwa ruhusa ya jumla husamehewi. Pima mita 305 kuzunguka kila shule ya mji wako uone barabara ngapi zinabaki. Pia hilo tangazo la 30.05 halimbani mwenye leseni, atabanwa na yale mengine mawili. Baa ni hadithi nyingine: penye alama nyekundu ya 51%, yaani panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato kwa pombe inayonyweka hapo hapo, ukiingia na bastola ni jinai kubwa. Posta usikanyage nayo hata kwenye maegesho, hapo ni mali ya shirikisho.

Ukiniuliza zaidi nitakwambia usiibebe wazi kabisa, ifiche. Bastola iliyo wazi inaongea na kila mtu kabla yako. Kwenye foleni unageuka geuka kulinda upande mmoja wa mwili. Mtoto wa kama miaka mitano aliwahi kuishika yangu nikiwa nachagua nyanya, mama yake akapiga kelele sitazisahau. Ile iliyofichwa haimlazimishi meneja kukufuata, wala haimpi mpiga simu cha kusema.

Holsta: plastiki ngumu, ifunike kifyatulio chote, iwe na kifungo cha kuizuia isichomolewe na mtu mwingine, na mkanda mgumu wa kazi hiyo. Hiyo ya kitambaa uliyoweka picha yake, irudishe. Chicago usiende nayo kiunoni, jimbo lake la Illinois hawaruhusu kubeba bastola wazi.

Lakini rudi kwa yule meneja, maana atakuja kwako pia, mwenye sura nyingine, duka lingine. Akisema toka, sema "sawa," mikono ionekane, geuka. Acha hata mkokoteni wenye vitu. Usiulize sheria gani, usitoe simu, usisubiri chenji. Kama ana makosa, wakili atamwandikia barua kesho, na wewe utakuwa umelala kwako. Na ikitokea ukakamatwa, Mungu apishie mbali, usisaini kitu, usikiri kitu, hata kinachoitwa kizuri, mpaka wakili wa uhamiaji amekisoma. Wa uhamiaji, mkuu. Mtafute sasa, namba yake ikae kwenye simu kabla holsta haijafika.

Na jambo moja umelitaja kwa kupita tu, limenishtua kuliko Chicago. Umesema bastola unaiweka kwenye droo ya chumba cha wageni, na shemeji yako mwenye viza ya mwanafunzi ndiye analala humo. Mwenye viza ya muda hatakiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji, na tangu 2022 kifungo chake kinafika miaka 15. Silaha iliyo mahali anapoifikia inaweza kuhesabiwa kuwa yake. Itoe leo jioni, nunua kasha la chuma lenye kufuli, ufunguo ukae nawe peke yako, na namba za kufuli asizijue.