Ukitaka watu wajali taarifa zao, anza na daftari la wakala

Wiki iliyopita dada mmoja wa Usa River aliniandikia: "Dada, nimesikia mlichofanya kwenye kikoba chenu. Na mimi nataka kuwaelimisha akina mama wa huku kuhusu taarifa binafsi, lakini kila nikianza wananiambia, sisi maskini nani ahangaike na taarifa zetu? Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, maana najua mko wengi mnaotamani kufanya kazi hii na mnakwama hapo hapo.

Kwa wasiojua alichosikia: kikoba chetu hapa Sakina, Arusha, kilikuwa na desturi ya kubandika kwenye kundi la WhatsApp orodha ya wanachama wote. Kila jina lina namba ya simu, namba ya NIDA na deni. Wanaodaiwa wamewekewa rangi nyekundu. Na kundi lenyewe lina watu waliojitoa zamani, lina waume za watu, lina hadi dalali wa viwanja ambaye hakuna anayejua aliingizwa na nani. Sasa tumepiga kura: orodha inakaa kwa mweka hazina, kila mtu anatumiwa hesabu yake peke yake. Hoja niliileta mimi, na sitajifanya mnyenyekevu. Niliipigania muda mrefu, nikaitwa mjuaji, nikaitwa mdaiwa sugu anayetaka kuficha deni. Sidaiwi hata shilingi.

Kwa nini nililivalia njuga jambo hili? Ndugu yangu mmoja alikopa kwenye programu ya simu, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Sikumdhamini. Hata kuambiwa sikuambiwa. Ile programu, alipoiweka kwenye simu, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyohifadhi, naye akabonyeza kukubali kama wanavyobonyeza wote. Alipochelewa kulipa, ujumbe ukaanza kuingia kwangu: mwambie fulani alipe, wewe ndiye mdhamini wake. Ukaenda kwa mama mkwe. Ukaenda kwa mwenyekiti wa kwaya yetu, na wa kwake ulikuja na picha ya ndugu yangu, neno TAPELI kwa herufi kubwa, na jina langu chini kama mshirika.

Jumapili ile mwenyekiti alinipita mlangoni kama hanijui. Nilikuwa mtunza fedha wa kwaya. Nafasi yangu akapewa mtu mwingine bila kikao. Ukweli ulikuja kujulikana, kila mtu akaelewa kuwa sikuhusika, na mpaka leo hakuna aliyeniambia pole wala samahani. Nimesamehe. Kusahau ni habari nyingine.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Nilifurahi sana, ila ndugu yangu alikuwa ameshahama mtaa kwa aibu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo Tume ya kuisimamia, iliyozinduliwa na Rais Aprili 2024. Na kabla ya hayo yote, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Una haki ya kujua nani ana taarifa zako na anazifanyia nini, haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe, haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara, na ukidhurika, haki ya kudai fidia. Haya mtayasoma wenyewe, sheria ipo kwa Kiswahili.

Ila msianze nayo! Nimehudhuria mkutano ambapo mtaalamu alikuja na projekta akatusomea maana ya mkusanyaji, mchakataji na mhusika wa taarifa, kifungu kwa kifungu. Alikuwa anajua kazi yake, mimi nilifaidi mno. Akina mama waliokaa mstari wangu walikuwa wanajadili bei ya mahindi.

Mimi niliingia kwenye kikao cha kikoba na karatasi moja tu. Ilikuwa imefungiwa vitumbua nilivyonunua karibu na soko la Kilombero. Upande mmoja ilikuwa na mafuta, upande wa pili kopi ya kitambulisho cha taifa cha mtu: sura, saini, tarehe ya kuzaliwa, tarakimu zote 20. Niliziba sura na namba kwa gundi ya karatasi, nikaizungusha. Hakuna aliyeniuliza kifungu. Mama mmoja aliniuliza, "Na yangu niliyotoa kopi pale stendi ndogo, iko wapi?" Nikamwambia hilo ndilo swali.

Kisha nikauliza: nani ametoa hela kwa wakala wa pesa za simu wiki hii? Mikono yote juu. Uliandika nini kwenye daftari? Jina, namba, kiasi, saini. Na mtu wa mstari wa juu yako alikuwa nani? Jamani. Walikumbuka! Mmoja alimtaja jirani yake na kiasi alichotoa, na jirani mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Kicheko kilikuwa kikubwa, halafu yule jirani akanyamaza, na wengine wakanyamaza. Nikawaeleza: mtu akipiga picha ukurasa mmoja wa daftari lile, ana jina lako, namba yako na kiasi ulichoshika mkononi. Akikupigia baadaye kidogo akakutajia vyote vitatu, akadai muamala wako umekwama na anataka kukusaidia, utambishia nini? Tunawaona matapeli kama wachawi kumbe wanasoma tulichoandika kwa mkono wetu.

Mwisho kila mtu akashika simu yake, tukabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Fanyeni hili kwenye kila kikao, hata kama muda umeisha. Wawili kati yetu walikuta laini wasizozijua. Mmoja akakumbuka chalii wa laini chini ya mwavuli aliyemwambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Kidole kilikuwa kimesoma. Tangu zilipoanza kuzimwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, Januari 2020, laini ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayetafutwa ikitumika kutapeli watu. Kesho yake walikwenda duka la kampuni ya simu na vitambulisho vyao kuzikana. Ujumbe wa kitapeli nao wanautuma 15040, namba ya kuripoti utapeli, siyo kuufuta kimya kimya.

Kwa hiyo wewe unayesema maskini hana cha kuibiwa, acha. Tajiri ana mwanasheria. Wewe una jina lako tu, na jina ndilo linalokukopesha unga dukani. Unapoombwa kopi ya kitambulisho, uliza ni ya nini. Gesti wanapotaka ujaze ulikotoka na unakokwenda kwenye kitabu kilicho wazi kaunta, uliza ni ya nini. Programu inapotaka majina kwenye simu yako, uliza ni ya nini. Kuuliza siyo ukorofi, ni haki iliyoandikwa, na anayekasirika kwa kuulizwa ndiye wa kuchunguzwa kwanza. Kopi ikibidi itoke, iandikie juu yake matumizi na tarehe.

Dada, kwa upande wako usipange kikao siku ya soko la Tengeru, hutapata mtu. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa mapema. Na ile karatasi ya mahudhurio yenye jina, namba na saini, inayozunguka mkono kwa mkono, usiithubutu. Hesabu vichwa, inatosha. Ukiizungusha utakuwa umewafundisha kinyume cha ulichokuja nacho, na kuna mama atakuumbua.

Mimi sasa nahangaika na shule moja ya watoto wetu, sitaitaja, ambayo hubandika getini majina ya wanafunzi wasiomaliza ada, pamoja na namba za simu za wazazi. Taarifa za watoto sheria inazihesabu kuwa nyeti. Wazazi wenzangu wananiambia niache, watoto watachukiwa. Barua nimeipeleka kwa mkono, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mkuu wa shule amesema atajibu baada ya likizo. Asipojibu, malalamiko yanakwenda kwenye Tume, na fomu nimeshaanza kuijaza.